Bugaluu kwenye basi la Dar: kuvaa zilipendwa bila kuteseka safarini

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, naishi Sakina hapa Arusha. Nimerithi albamu ya mama ya picha za miaka ya sabini, na tangu hapo nimenogewa na mavazi ya zilipendwa: suruali za bugaluu, magauni ya kola pana, sketi za kuchanua. Mengine nayapata mitumbani, machache nimeshonesha. Tatizo ni safari. Desemba tunakwenda Dar kwa basi, halafu Unguja kwa boti, jumla siku sita. Safari iliyopita nilivaa gauni la mtumba la kizamani hasa. Nilifika Dar nimelowa jasho, zipu imenichora mgongoni na miguu imevimba. Mume wangu anasema nivae dera yaishe. Je, kuna namna ya kupendeza kizamani, kusafiri kwa raha na kubeba begi moja tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Namna ipo, tena haihitaji pesa nyingi. Gauni lako halikukutesa kwa sababu ni la kizamani. Lilikutesa kwa sababu ya kitambaa chake, na kwa sababu ya mahali zipu ilipowekwa. Wateja wanaoniletea picha za wazazi wao hapa Moshi nawaambia jambo hilohilo kabla sijashika futikamba: mshono uchukue wa zamani, kitambaa cha zamani kiache sokoni.

Nianze na hicho kitambaa, maana ndipo wengi wanapoumia. Nguo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zinazofika mitumbani ni za poliesta. Nyuzi hizo ziligunduliwa Uingereza mwaka 1941, na ilipofika miaka hiyo ya bugaluu viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinazifuma kuwa vitambaa vizito vyenye kuvutika kidogo, vikauzwa kwa sifa moja kubwa: unafua, unaanika, unavaa, pasi huigusi. Ndiyo maana gauni la umri wa miaka 50 linakufikia na rangi yake kali haijapauka. Lakini poliesta hainywi jasho. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, rayoni hufika asilimia 11 na zaidi, poliesta haifiki hata asilimia 1. Sasa wewe umeondoka Arusha alfajiri, mwinuko wa mita 1,400 hivi, kuna kibaridi, gauni likakukaa vizuri. Mlipofika Same jua likaanza kupenya kwenye kioo. Korogwe joto likachanganyika na unyevunyevu. Jasho lako halikuwa na pa kwenda, likabaki kati ya mwili na kiti hadi Dar.

Mitumbani usitegemee lebo, mara nyingi imekatwa au imefutika. Mwombe muuzaji akuruhusu uchomoe nyuzi mbili tatu kwenye pindo la ndani. Zishike kwa kibanio, ziwashe kwa kiberiti. Pamba, kitani na rayoni huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kipunje cheusi kigumu ambacho hakisagiki vidoleni (subiri kipoe kabla hujakigusa, kinaunguza vibaya). Ukiona majivu pamoja na vipunje, huo ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenye pamba nyingi siukatai kwa safari, kwa sababu haujikunji sana ndani ya begi. Rayoni ni baridi na inateremka vizuri mwilini, ila ikikunjwa inabaki na alama, kwa hiyo iache kwa nguo utakazotundika mkifika.

Na kuna kitu kimoja ambacho wapenzi wa zilipendwa wanakipita bila kukiona: mashuka. Pale Memorial na Kiboriloni hapa Moshi, au Tengeru upande wenu siku za Jumatano na Jumamosi, kuna mashuka ya mitumba ya pamba tupu, ya maua madogomadogo na mistari ya zamani. Shuka la kitanda kikubwa linatoa gauni zima na kitambaa kinabaki. Limeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo halitasinyaa tena na limekuwa laini. Ukitumia kitenge au pamba mpya, loweka usiku kucha, anika, piga pasi, ndipo ukate. Pamba mpya inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5. Kwenye suruali ya urefu wa sentimita 100 hizo ni sentimita 3 hadi 5, na pindo lililokuwa kwenye kifundo cha mguu linapanda juu baada ya kufuliwa mara moja.

Tuje kwenye bugaluu, kwa kuwa umeitaja kwanza. Bugaluu halisi hubana kwenye nyonga na mapaja, halafu ikafunguka kuanzia gotini. Inapendeza ukisimama na ukicheza. Ukikaa kwa muda wa saa kumi, mahali panapobana ni hapohapo palipokunjika, kwenye nyonga na nyuma ya paja. Suruali za kubana ziligombaniwa sana nchini wakati mmoja. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali hizo, utekelezaji uanze Januari 1969. Mimi kwa safari nazikataa kwa sababu ya damu yako tu, ambayo inahitaji kupita kwenye miguu bila kizuizi. Kwa hiyo rudi nyuma zaidi kwenye historia. Miaka ya 1930 na 1940 wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa suruali ya kiuno cha juu iliyoachia kuanzia nyonga hadi chini, bila kubana popote. Vijana wa sasa wanaiita bwanga. Mwambie fundi akushonee bwanga yenye mkanda mpana, vifungo viwili vikubwa mbele na marinda mawili ya kuzama kila upande. Mtu akikutazama ataona zilipendwa moja kwa moja, na wewe utakuwa umekaa huru.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu vipimo vya suruali ya safari havichukuliwi kama vya suruali ya sherehe. Mafundi wengi watakupima umesimama, umevuta tumbo. Kataa kwa upole. Kaa kwenye kiti kigumu, pumua kawaida, ndipo futikamba izunguke kiuno. Kipimo cha kukaa huzidi cha kusimama, kwa watu wengi sentimita 3 hadi 5, na mkishakula njiani huongezeka. Ukiwa bado umekaa, apime ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye ubao wa kiti, aongeze sentimita 2. Hicho ndicho kina cha suruali, na kikipungua ndipo mtu anapovutwa msambani njia nzima. Mkanda wa mbele ubaki bapa wenye bitana ngumu ili umbo la kizamani lisipotee, ila nyuma, kutoka mshono wa ubavu mmoja hadi mwingine, apitishe lastiki pana ya sentimita 3 au 4. Ukivaa blauzi juu yake hakuna atakayeiona. Zipu ikae mbele. Nguo nyingi za kale zina zipu ya ubavuni, na kwenye kiti cha basi ubavu wako unakutana na mkono wa kiti au kiwiko cha jirani.

Pindo lisiburute. Mduara wa pindo la chini, sentimita 48 hadi 52 zinatosha kukupa mwonekano, na urefu uishie kwenye kifundo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi wetu tunafika stendi alfajiri kwa bodaboda, na pindo pana au sketi ndefu ikinaswa na mnyororo au magurudumu inaweza kukuangusha. Ukipanda bodaboda na bwanga, kunja miguu ya suruali hadi nusu ya muundi na uifunge kwa mpira wa nywele. Ukiwa na sketi, ikusanye mbele na uikalie. Skafu ya shingoni iingie ndani ya koti. Na vyoo vya njiani unavijua: sakafu huwa imelowa. Pindo la kifundoni linakuokoa huko pia.

Sketi ya kuchanua ya miaka ya 1950 ilishonwa duara zima, inakula kitambaa kingi na kwenye upepo wa boti itakuaibisha. Shona nusu duara. Hesabu yake ni rahisi, unaweza kumfanyia fundi mwenyewe. Chukua kipimo cha kiuno, gawa kwa 3.14. Kiuno cha sentimita 76 kinakupa 24. Huo ndio umbali kutoka pembeni mwa kitambaa, pale katikati ya ukingo, hadi mstari wa kiuno. Ongeza urefu wa sketi, tuseme 75, na 3 za pindo, unapata 102. Kwa hiyo unahitaji kitambaa cha upana usiopungua 102 na urefu wa sentimita 204. Kitenge cha upana wa sentimita 115 kinatosha kabisa, na ile fito ya sentimita 13 inayobaki pembeni ndiyo mkanda wako. Nunua mita mbili na robo. Chagua michoro midogo isiyo na juu wala chini, kwa sababu kwenye nusu duara mchoro unageuka: mbele ndege wamesimama, ubavuni wamelala. Urefu wa kati ya goti na kifundo ndio wa kizamani zaidi, na ndio unaokufaa pia Mji Mkongwe, ambako ni heshima kufunika mabega na magoti.

Kuhusu magauni, yapo mawili ninayoyaamini kwa safari. La kwanza ni gauni la vifungo mbele kutoka kola hadi pindo, mkanda kiunoni, kola pana kama unavyoipenda. Mgongoni hapana kitu, hakuna zipu ya kukuchora ukiegemea. Ukihisi joto unafungua kifungo kimoja juu, ukitaka kukunja mguu unafungua kimoja chini. La pili ni gauni la kujifunga, lile linalopishana mbele na kufungwa ubavuni. Mbunifu wa Marekani Claire McCardell alilitoa la jinzi mwaka 1942 kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi zao wenyewe nyumbani, likiwa na mfuko mkubwa. Mwaka 1974 Diane von Furstenberg akalitoa la kitambaa cha kuvutika, likavaliwa kila mahali. Gauni hili linafuata mwili badala ya kuuamrisha. Umeshiba, unalegeza. Umevimba kidogo, unalegeza. Mwambie fundi aweke kifungo kimoja cha siri kwa ndani, usawa wa kiuno, na kingine usawa wa paja, ndipo upepo wa boti usikusumbue. Kama utaweza kupata pamba ya kuvutika, ile ya fulana lakini nzito kidogo, hiyo inakunjwa kwenye begi na haihitaji pasi.

Ovaroli la miaka ya sabini, lililoshikana juu na chini, liache nyumbani. Ni zuri sana kwenye picha. Basi linaposimama dakika chache na foleni ya choo ni ndefu, huna muda wa kuvua nguo nzima.

Mumeo kuhusu dera hajakosea sana. Dera halibani na linapitisha hewa, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo nguo zote nilizokutajia zinayachukua, zikayapa kiuno na kola. Na yeye mwenyewe asisahaulike, maana wanaume nao wana zilipendwa yao iliyoumbwa kwa safari: suti ya Kaunda. Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, aliivaa hadi ikaitwa kwa jina lake. Koti la mikono mifupi, kola iliyo wazi, mifuko minne, hakuna tai, hakuna shati la ndani. Ikishonwa kwa kaki nyepesi au mchanganyiko wenye pamba nyingi, anashuka nayo kwenye basi na kuingia nayo kikaoni.

Onyo moja kubwa hapa, kwako na kwake. Mitumbani kuna makoti ya kijeshi ya zamani, ya kijani na ya mabakamabaka, na kwenye picha za kigeni utaona yakivaliwa kama fasheni. Usinunue. Nchini kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kuyasalimisha. Koti hilo likikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, safari yako inaweza kuishia hapo. Koti la safari la mifuko minne lichukue la rangi ya kaki iliyopauka, kahawia au haradali, rangi ambazo pia haziogopi vumbi. Na koti lazima liwepo, hata Desemba: mapema asubuhi Arusha pana ubaridi, na kiyoyozi cha basi kikikuelekea usoni saa tatu mfululizo utalitafuta.

Miguu yako ilivimba kwa sababu ya kukaa bila kutembea, na viatu vikaongeza. Raizoni, hata kama umezipata za asili kabisa, ni za ukumbini. Soli nene isiyokunjika kwenye vichochoro vya mawe vya Unguja ni kuteguka kunakosubiri siku. Safiri na raba za turubai za kufunga kamba, muundo wake haujabadilika sana tangu enzi za bibi zetu, na kamba unazilegeza kadiri mguu unavyojaa. Nunua jioni, mguu ukiwa umejaa, siyo asubuhi. Cha pili kiwe makubazi au kiatu bapa cha ngozi chenye mkanda wa kupita juu ya mguu. Hapa Moshi kiwanda cha Karanga kinatengeneza viatu vya ngozi, pita utazame ukija. Ndani ya basi zungusha vifundo vya miguu na kubonyeza vidole sakafuni kila mara, na basi likisimama shuka utembee hata kama huna haja. Mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, hilo siyo suala la mavazi tena, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa begi. Siku sita: bwanga moja ya rangi moja, sketi ya nusu duara ya kitenge, gauni la kujifunga, blauzi tatu ambazo kila moja inakubali bwanga na sketi, koti, na doti moja ya kanga. Gauni la vifungo unalivaa siku ya safari, halimo kwenye hesabu ya begi. Ukipanga rangi mbili kuu na moja ya kuchangamsha, mfano kahawia, krimu na chungwa lililoiva, hakuna nguo itakayobaki haina mwenzake. Viringisha nguo, usizikunje bapa. Kanga moja iwe juu kabisa, mkononi: ni shuka ndani ya basi lenye kiyoyozi, ni mtandio ukipita msikitini, ni taulo ufukweni, na ukiifunga kichwani kwa fundo la mbele utafanana na mama kwenye ile albamu. Mwambie fundi aweke mfuko wa siri ndani ya mkanda wa bwanga na wa gauni, wenye kifungo, upana wa kiganja. Hapo zikae pesa na kitambulisho. Simu yako stendi usiiweke kwenye mifuko ya nje ya koti, hata kama ni minne.

Usisafiri na nguo ambayo hujawahi kuivaa. Ivae siku nzima ya kazi kwanza, usahihishe madaftari ukiwa umekaa, pandia daladala, kaa chini na uinuke. Panapokwaruza patajionyesha mapema, na fundi atalegeza au atahamisha kifungo.

Jambo la mwisho ni tarehe. Desemba huku kwetu siyo mwezi wa kumpelekea fundi kazi. Watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, kila familia inataka sare, na nguo yako itakatwa usiku wa manane na kijana aliyechoka. Kitambaa kiwe kwa fundi kabla ya katikati ya Novemba, kikiwa kimeshalowekwa na kunyooshwa. Tiketi ya kurudi kata mapema pia, maana mtakapotoka Dar kuja huku ndipo mabasi yanapokuwa yamejaa kabisa.